Filamu Niliyosema Nimeiangalia

Mtu wa umri wangu akikutana na watoto wa shule njiani hutarajia shikamoo. Mimi kwa muda mrefu sasa napewa shikamoo ikifuatiwa na kicheko kilichobanwa, na nikishapita hatua kumi sauti moja inaita kutoka nyuma ya migomba, "Mzee, fundisho liko mbele!" Naona aibu kulisimulia jambo lenyewe, lakini limeshafika Kaisho bila mimi, na huko wameliongezea chumvi hadi naambiwa nilipanda juu ya meza na kulikemea pepo kwa Kilatini. Sikupanda meza. Afadhali niseme mwenyewe yaliyotokea.

Nilikuwa katekista wa kigango chetu hapa Kibingo kwa zaidi ya miaka thelathini, namshukuru Mungu, na hata baada ya kustaafu watu wameendelea kuniita Katekista. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Paskazia, tuliyenyonya naye ziwa moja. Mwaka jana wakati wa masika aliugua, na siku za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Kaka, usimwache Laurian akakaa peke yake. Ukimwacha atakufa huku anatembea." Laurian ndiye mumewe, na mimi na yeye tunaitana shemeji. Niliahidi. Tukamzika Paskazia kibanjani kwao, kwenye migomba inayozunguka nyumba, kama ilivyo desturi yetu, hatua chache tu kutoka mlango wa jiko alilopikia maisha yake yote.

Tangu siku ile Laurian alichukua kigoda, akakiweka kando ya kaburi, akakaa. Asubuhi anatoka na kigoda, jua likizama anarudi nacho. Wake wa wanawe walipeleka chakula, kuku wakala. Buni zilikauka juu ya miti bila kuchumwa, yeye aliyekuwa wa kwanza kuanika kahawa kijiji kizima. Jumuiya yetu ya kanisani ilikwenda kusali naye, akaitikia "Milele amina" huku anatazama udongo. Na mimi kila Ijumaa nilifika, nikasimama mbele yake na kitabu kwapani, nikamfundisha juu ya ufufuo wa wafu, kwanza, pili, tatu, kisha nikaaga. (Nilijiona nimetimiza ahadi. Mungu anisamehe.)

Sasa sikukuu ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya yetu, ilipokaribia, nikapata wazo. Laurian na Paskazia walionana mara ya kwanza wakiwa vijana, gari la sinema lilipokuja Kaisho na kutundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, na katika uzee wao bado walikuwa wakibishana nani alimtazama mwenzake kwanza. Nikaenda kigodani nikamwambia, "Shemeji, Jumapili baada ya chakula tutaonyesha sinema ukumbini."

Akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliinua uso. "Sinema ya shuka?"

"Ya shuka."

"Nitakuja."

Niliondoka pale nikiwa kama nimeota mabawa, nikapanda bodaboda hadi Rubwera, kwenye duka la binti mmoja anayejaza filamu kwenye flashi. Nikamwambia nataka filamu ya ndoa, watu wanaopendana hadi kufa, na ikiwezekana hata baada ya kufa. Binti akafikiri, akasema, "Ninayo moja, mzee, mapenzi yake yanavuka hata kaburi. Imetafsiriwa Kiswahili." Akanionyesha picha yake: bibi harusi mwenye shela jeupe, mlango wa kanisa la mawe, mishumaa pande zote mbili. Ndugu zangu, ningetaka nini zaidi? Yule binti akaniuliza kwa adabu, "Nikuwekee kidogo uone, mzee? Maana hii ina mambo yake."

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimefundisha ndoa tangu mama yako hajaolewa."

Nikaweka flashi mfukoni nikarudi. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni Mama Editha, mjane, mama asiyependa mambo ya kubahatisha. Aliniuliza swali moja tu: "Umeiangalia?"

Ningeweza kusema sijaiangalia. Tungeiangalia wote wawili pale kwake na hadithi ingeishia hapo. Lakini nikaona haya mtu mzima kama mimi kuonekana nimenunua mbuzi ndani ya gunia, nikasema, "Nimeiangalia. Ina fundisho zuri." Na asubuhi ya Jumapili, kwenye matangazo, nikalisema tena mbele ya watu wote, kwa sauti ya katekista.

Ukumbi ulijaa. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa turubai na mikeka, shuka likatundikwa, projekta ya vijana wa kwaya ikawashwa. Laurian alikuja amevaa koti lake la harusi, amenyoa ndevu, akakaa benchi la mbele. Nilipomwona nilijipongeza moyoni.

Filamu ikaanza na radi. Nyumba kubwa ya mawe, mvua, na daktari mmoja mwenye nywele zilizovurugika anashona kitu mezani. Kamera ikasogea, tukaona anachoshona ni mkono. Wa mtu. Kisha mkono ule ukachezesha kidole, na zimwi likaketi, uso mzima mishono kama gunia la maharage lililopasuka likashonwa tena.

"Mawe, mama yangu!" mama mmoja akapiga ukelele. Mwingine nyuma akauliza, "Katekista, huyu ndiye bwana harusi?" Watu wakacheka.

Ningefanya nini? Nilishasema nimeiangalia. Nikainuka, nikasema kwa utulivu wa mtu anayejua, "Subirini. Fundisho liko mbele."

Zimwi likavunja mlango. Nikasema fundisho liko mbele. Likamtupa daktari kwenye kabati la chupa, na jamaa aliyeweka sauti ya kutafsiri akaingiza utani wake humo ndani ("Oneni daktari anavyokunywa dawa zake mwenyewe!"), nikasema fundisho liko mbele. Mara ya nne sikuhitaji kusema, maana ukumbi mzima ulisema kabla yangu, kwa pamoja, kama wanaitikia litania.

Lakini subirini na ninyi, maana kweli ilikuja sehemu nzuri. Lile zimwi likawa linajificha nje ya ukuta wa kanisa, na mwanamke mmoja mshonaji akawa analirushia mkate kila jioni bila kuliogopa, kisha wakaanza kuongea, kisha wakapendana, yule mwanamke akagusa ile mishono ya uso mmoja mmoja na kusema kwamba kama ni yeye aliyeshona angeshona vizuri zaidi. Wakapanga harusi, na pale mlangoni pa kanisa, kati ya mishumaa, bibi harusi akaanguka akafa, maana alikuwa na ugonjwa aliouficha. Akina mama wakatoa leso. Nikavuta pumzi. Nikageuka kumwangalia Mama Editha, nikamwambia kwa majivuno, "Umeona?"

Nilipogeuka tena, zimwi lilikuwa limeshika sepetu.

Lilichimba. Katika nchi walikoitengeneza filamu ile labda kaburi ni kitu cha mbali, kule kwenye ukuta wa kanisa. Sisi makaburi yetu yako majumbani. Hakuna mtu mle ukumbini ambaye hakuwa na mtu wake nyuma ya jiko. Nikasikia watu wanavuta pumzi kila sepetu linapoingia kwenye udongo. Na Laurian, pale mbele, akasimama.

Nikakimbia (mwenye miaka sabini na mmoja, na goti bovu) nikajitupa mbele ya shuka, nikakunjua mikono na kanzu yangu nyeupe ili watu wasione. Nilisahau jambo moja dogo, kwamba kanzu nyeupe ni shuka. Bibi harusi aliyekufa akaja akalala kifuani pangu, uso wake juu ya vifungo vyangu, na mikono ya zimwi ikawa inapapasa tumbo langu. Kijana mmoja akapiga kelele, "Katekista ameoa!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, watoto wakalia, mimi nikahama kushoto, bibi harusi akabaki nami, nikahama kulia, akanifuata.

Ndipo Laurian aliposema, wala hakupaza sauti, "Shemeji, toka hapo. Namtazama."

Kicheko kilikatika kama kilichokatwa kwa panga. Nikaushika waya wa umeme nikauchomoa ukutani.

Katika giza lile ilisikika sauti yake peke yake. "Alikuwa anafungua macho."

Mtu akafunua turubai, mwanga wa mchana ukaingia, na watu wote wakawa wananitazama mimi na waya mkononi. Mama Editha akanisogelea, akaniuliza polepole, "Waitu, ndugu yetu Katekista, hii filamu kweli uliiangalia?"

"Niliiangalia," nikasema. Ilikuwa mara ya tatu. Jogoo hakuwika, lakini mimi nilimsikia.

Laurian alikuwa ameshatoka. Nikamfuata nikichechemea, na nilipofika nyumbani kwake niliona jembe, ambalo siku zote huegemezwa ukutani, halipo. Nikapita kati ya migomba nikisema Salamu Maria kwa vipande vipande. Nikamkuta kwenye kigoda chake, jembe limelala magotini, udongo wa kaburi haujaguswa. Alikuwa anautazama tu.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "wewe uliiangalia yote. Nieleze. Alipoamka, alimtambua?"

Ndugu zangu, uongo mtamu ulikuwa pale kwenye ulimi wangu, umeiva. Ningesema alimtambua. Nani angenisuta? Nikaangalia lile jembe, nikaangalia koti la harusi.

"Sikuiangalia, Laurian. Nilisema uongo. Sijui."

Akaligeuza jembe magotini. Kisha akasema, "Na ule ufufuo unaonifundisha kila Ijumaa? Unausema kama mtu aliyekuwapo."

"Huo nao sijauona. Nauamini tu."

Akaliweka jembe chini. "Basi kaa."

Hapakuwa na kigoda cha pili. Nikakaa juu ya majani makavu ya migomba na kanzu yangu nyeupe, na nilipokaa chini, macho yangu yakiwa sawa na ule msalaba wa mti wenye jina la mdogo wangu, nililia. Sikuwa nimelia tangu azikwe. Nilikuwa na matangazo ya kusoma, wageni wa kupanga, Ijumaa za kufundisha. Nililia hadi Laurian akanipa leso yake, yeye niliyekuja kumfariji. Kanzu ile ilipata utomvu wa mgomba, na mnajua utomvu: mke wangu ameifua kwa kila aina ya sabuni, doa liko palepale. Naivaa hivyohivyo.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya jumuiya nikaungama kwamba niliwadanganya. Nilitegemea minong'ono. Mama Editha akasema, "Tulijua, Katekista. Tulikuwa tunangoja utuambie," akaendelea na ajenda ya pili.

Baada ya wiki tatu Laurian alikuja kwangu asubuhi, amevaa koti. "Twende Rubwera tukaimalizie," akasema.

Tukapanda bodaboda moja, wazee wawili nyuma ya dereva, tumebanana kama ndizi kwenye mkungu. Yule binti wa duka alipotuona alijishika kinywa. "Mzee, nilitaka kukuambia siku ile! Ni hadithi ya kale hiyo, ya zimwi na daktari, wameigeuza tu kuwa ya mapenzi." Nikamwambia kosa si lake. Akatuwekea kwenye televisheni ndogo ya kaunta, tukasimama kama wateja.

Bibi harusi akafungua macho. Akalitazama zimwi lililokuwa limepiga magoti kando yake, akalitazama muda mrefu sana, kisha jamaa wa kutafsiri, safari hii bila utani, akasema kwa niaba yake: "Wewe ni nani?"

Laurian akanyoosha mkono. "Zima, mwanangu. Inatosha."

Tukatoka nje, tukasimama juani. Nilitafuta neno la Maandiko la kumwambia, nikaliacha. Akasema mwenyewe, "Huyo siye. Paskazia akiamka ataniuliza kwanza kama nimekula."

"Na umekula?"

Akafikiri. "Sijala."

Tukaingia mgahawani. Akaagiza ndizi na maharage, akala akamaliza, akaomba aongezewe, na machozi yakawa yanamdondokea sahanini naye anaendelea kutafuna. Mimi nilimtazama nikimshukuru Mungu kwa kila tonge.

Kahawa ya msimu uliofuata aliichuma. Kigodani anakaa jioni tu sasa, na viko vigoda viwili. Cha pili ni changu, siku za Ijumaa, na kitabu nakiacha nyumbani. Nimeapa, hadi nitakapozikwa na mimi nyuma ya jiko langu, sitasema tena nimekiona nisichokiona, iwe filamu, iwe mbingu.

Watoto bado wananiita kutoka migombani, "Mzee, fundisho liko mbele!" Siku hizi nasimama nawaitikia, "Liko mbele kweli, wajukuu. Ila mimi sijaliona."