Kidole Kimoja cha Kikundi

Mfumo wa simu wa mnunuzi wetu ulitoza kila anayeingia, kwa kichwa, kila mwezi. Kikundi chetu cha kusuka viondo, vikapu vya makonge, hapa Migwani kina akina mama kumi na wawili na mimi karani. Nilipiga hesabu, nikarudia, nikampigia kijana wa mfumo. "Hata mbuzi tunamlipia mara moja tu," nikamwambia. Akacheka. Hakupunguza.

Basi tukaandikisha mtu mmoja kwa niaba ya wote, awe anaingia kwa alama ya kidole. Nenosiri lingejulikana soko zima kabla ya saa sita.

Nani? Hakukuwa na ubishi. Susu, nyanya yetu sote, anayesuka kuliko wote. Kumpa mwingine kungekuwa matusi. Siku ya kusajiliwa alikuwa ametoka kumhudumia bintiye aliyejifungua, mwezi mzima hajagusa makonge. Kidole kikakubali mara moja. Tukapiga makofi.

Kisha ikaja oda kubwa kuliko zote. Walisuka mpaka vidole vikawaka moto. Kilichobaki ni kuthibitisha kwa simu kwamba viondo viko tayari, kabla ya saa kumi jioni, la sivyo oda inapewa wengine. Karo ya nyumba kumi na mbili ilikuwa humo.

Susu akaweka kidole. Simu ikakataa. Akakifuta kwa leso. Ikakataa. Makonge yalikuwa yamekilamba kikawa laini kama mgongo wa kijiko.

"Kipake mafuta, Susu."

"Kwani nakikaanga?"

Hakuna aliyecheka. Nikampigia yule kijana. "Niongezee mtu wa pili. Nalipa, sibishani."

"Sawa, mzee. Ila wa kwanza lazima akubali kwa kidole."

Nikakitazama kidole cha Susu.

"Ama apumzishe mikono," akasema. "Wiki mbili, tatu, alama hurudi."

Tulijaribu maji ya moto, majivu, hata maombi. Saa kumi ikapita, simu ingali mkononi mwa Susu.

Viondo vinaning'inia ukutani. Akina mama wanasuka vingine, kwa mnunuzi ambaye hatumjui. Susu huketi katikati yao, mikono ameifunga kwenye leso. Akijisahau akanyoosha mkono kuchukua uzi, wote wanapaza sauti: "Susu, wacha!" Anaurudisha polepole, kama mtoto aliyekatazwa sukari.