Maneno Arobaini ya Kreni

Mwaka wa kwanza wa ujenzi wa ghorofa, mnyapara na mwendesha kreni aliyetoka nchi ya nje walielewana kwa vidole na matusi tu. Kufika mwaka wa tatu walikuwa na maneno arobaini yao wenyewe, nusu ya lugha ya huku nusu ya kule, na mafundi wote waliyatumia.

Bosi mpya akayapiga marufuku. "Semeni lugha ya watu! Atakayekaidi, kwao."

Asubuhi moja kreni ilikuwa inashusha vioo juu ya vichwa vya mafundi wawili. Bosi akapaza sauti: "Tafadhali, usiendelee kuteremsha!" Kreni ikazidi kuteremsha. Mnyapara alijua akifungua mdomo tu, kazi hana. Akapiga kelele kwa maneno yao:

"Chini hapana, kaka! Hapana!"

Kreni ikasimama, mafundi wakatoka wazima. Mnyapara akafukuzwa palepale. Bosi akabaki na vioo vyake na kreni isiyosogea, maana hakuna aliyethubutu kuisemesha.