Mama Anaumwa Kidogo

Mwaka 1972 Serikali ilitafuta watu wa kwenda India kufanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha maziwa, ili wakirudi walijenge taifa kwa siagi na jibini. Ikampata Tobia Shekiondo wa Kwai, milimani Usambara, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, mke mmoja aitwaye Yudith na watoto wawili. Alikuwa pia na sifa ambazo kamati ilizipenda: amekaa na ng'ombe wa gredi tangu utoto, na hajawahi kuuliza swali mkutanoni.

Mama yake, Elizabeti, hakupinga. Siku ya kumsindikiza kwenye basi aliuliza jambo moja tu.

"Nikiumwa, utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Haya. Maana baba yako hukumkuta."

Tobia akapanda basi na ahadi hiyo, sanduku la mbao na sweta mbili. Sweta hazikupata kazi. Mji aliopelekwa, huko Gujarati, ulikuwa na joto la aina ambayo Kwai hutumika kukaushia mahindi. Alipangishiwa chumba kwa mjane mmoja, Jasuben, aliyemwekea sharti kwamba nyama, samaki na mayai visipite mlangoni. Tobia alikubali upesi, kisha akakaa kitandani kufikiri ni nini kilichobaki. Zilibaki dengu, nazo zilikuja kila siku zikiwa na rangi tofauti ili mtu asizitambue.

Mwezi wake wa pili huko alipata unga wa mahindi, akasonga ugali kwenye jiko la mafuta ya taa. Jasuben alionja kwa ncha ya kidole, akauliza kwa huruma ni nani anayeumwa. Tobia akala peke yake.

Kuhusu ng'ombe, waliokuwa sababu ya yeye kuwako, alijifunza kunyamaza. Walilala katikati ya barabara na malori yakawazunguka. Tobia, kwa mazoea ya kazi, kila alipomwona mnono alimkadiria kilo zake kwa macho, na mara moja alimwambia mwenzake wa maabara ya kiwanda, alikofanya kazi, matokeo ya makadirio hayo. Mwenzake hakuongea naye mpaka Jumatatu.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha. Vijana wa pale walipokutana na mzee waliinama wakamgusa miguu. Kwao Usambara, kijana asiyetoa shikamoo huhesabiwa mgonjwa au mwizi. Hapa aliona watu waliokwenda mbali zaidi, akawaheshimu. Akawa anamwinamia mama mkwe wa Jasuben kila asubuhi, na bibi yule, ambaye yeye na Tobia hawakuwa na neno hata moja la pamoja, akawa anamkaripia kama mjukuu.

Aliyekuwa na maneno ya pamoja naye ni Kantilal, karani mkuu wa kiwanda. Alizaliwa Korogwe, dukani kwa baba yake, akaondoka na familia mwaka 1968 bila kueleza sana. Kila alipomwona Tobia, hata saa kumi na mbili jioni, alipaza sauti: "Onga makeo!"

"Kaka, hiyo ni salamu ya asubuhi."

"Kisambaa changu chote ni cha asubuhi, bwana. Wasambaa walishuka sokoni alfajiri, mchana wamekwisha panda mlima. Ya jioni ningejifunza kwa nani?"

Barua za nyumbani ziliandikwa na kaka yake mkubwa, Abrahamu, mzee wa kanisa na balozi wa nyumba kumi, mtu ambaye hata akiomba chumvi huanza na salamu za uongozi. Kila barua ilisafiri wiki tano, wakati mwingine sita. Tarehe 11 Aprili 1973 Tobia alipokea moja iliyoandikwa tarehe 3 Machi. Baada ya salamu, mvua na hali ya kabichi, mwishoni kabisa ilisema: *Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi jitahidi uje.*

Tobia aliisoma amesimama, kisha akakaa chini, palepale kwenye ngazi za maabara.

Kwao mtu aliye mbali haambiwi kuwa kafiwa. Atakuja vipi akiwa amebeba habari hiyo njiani peke yake? Huambiwa kwamba fulani anaumwa, aje. Na neno "kidogo" huongezwa kadiri jambo lilivyo kubwa. Mwaka 1956 alipokuwa shule ya bweni, mjomba wake alikuja kumchukua: "Baba yako anaumwa kidogo, twende." Walitembea tangu asubuhi, mjomba akizungumzia mbuzi. Walipokaribia nyumbani walikutana na wanaume wanarudi, majembe begani, na hakuna aliyekuwa anatoka kulima.

Kwa hiyo aliijua lugha hiyo. Alikwenda kwa Kantilal akasema mama yake amefariki.

Kantilal alivua miwani, akampa pole, akaomba kuiona barua. Aliisoma mara mbili.

"Tobia, hapa imeandikwa anaumwa kidogo."

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Ndivyo tunavyosema."

"Na akiwa anaumwa kidogo kweli, mnasemaje?"

Tobia alifikiri. "Hatuandiki. Nani amwandikie mtu wa India kwamba mama anakohoa?"

"Sikiliza, ndugu yangu. Mama mgonjwa nina fomu yake. Naijaza leo, inakwenda Delhi kwa watu wenu, inakwenda Dar, wiki sita unapewa tiketi. Mama aliyekufa, fomu yake ni siku tatu, unakaa chumbani kwako. Nijaze ipi?"

"Wiki sita niende kuona nini? Walizika Machi."

"Basi piga telegramu uulize."

"Kaka Kanti, telegramu ikipanda Kwai watu wanaanza kulia kabla haijafunguliwa. Nyumba ina msiba, niwaongezee mwingine?"

Kantilal aliishi Korogwe muda wa kutosha kujua kwamba hilo ni kweli. Akajaza fomu ya siku tatu. Mkurugenzi akatia sahihi na kuandika kwa wino mwekundu kwenye faili: *Mama, marehemu.*

Tobia akanyoa kichwa, kama mtoto aliyefiwa anavyopaswa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu afike, mji mzima ukamwelewa. Pale nao mwana hunyoa akifiwa na mzazi. Mwenye duka la baiskeli alisimama alipopita. Mwenzake wa maabara alikuja na ndugu zake wawili wamevaa nyeupe, wakakaa sakafuni saa nzima kimya. Jasuben alimletea chakula siku tatu, na mama mkwe wake, yule wa kukaripia, alimshika kichwa kilichonyolewa akalia kwa sauti. Tobia naye akalia. Alijisikia yuko nyumbani, na hilo likamwongezea uchungu.

Siku ya tatu aliandika barua ya rambirambi, kurasa nne, kwa familia yote ya marehemu Elizabeti. Aliwashukuru kwa kumzika vizuri. Alimwomba kaka Abrahamu asimamie kaburi lijengewe. Alieleza kwamba ahadi yake kwa mama ameshindwa kuitimiza, na kwamba kila akilala anamwona kwenye basi.

Jibu lilifika mwishoni mwa Juni. Bahasha ilikuwa na mwandiko asioujua, herufi kubwa zilizosimama kila moja kivyake kama watu wasiosalimiana. Ilikuwa barua ya Yudith. Alikuwa ameingia darasa la elimu ya watu wazima Januari, na hii ndiyo barua yake ya kwanza maishani. Katika darasa hilo walikuwa bado hawajafika kwenye kuficha mambo.

*TOBIA MUME WANGU. MAMA HAJAFA. ANAUMWA TUMBO. ALIKUNGOJA APRILI YOTE. BARUA YAKO IMEKUJA KAKA KAISOMA MBELE YA WOTE KAMA KAWAIDA. MAMA ALIKUWEPO ANAPUKUCHUA MAHARAGE. KAKA ALISHINDWA KUACHA KATIKATI. MAMA ALICHEKA. HALAFU HAKUCHEKA. ALISEMA KUMBE HAJI. SASA HALI CHAKULA VIZURI. MIMI YUDITH.*

Tobia aliibeba mpaka ofisini bila kuikunja.

"Mama yangu yuko hai."

"Bhagwan! Mungu mkubwa!" Kantilal alisimama akamkumbatia, kisha akarudi kwenye kiti polepole, kama mtu aliyekumbuka faili. "Tobia. Wino mwekundu ule."

"Futa."

"Mimi ni karani, bwana, sifufui watu."

Walikwenda pamoja kwa mkurugenzi, mtu mpole aliyesoma Uingereza na asiyependa mambo yanayojirudia. Alisikiliza tafsiri ya Kantilal mpaka mwisho. Akasema anafurahi sana kwa ajili ya mama huyo. Lakini ofisi yake iliwahi kumpa mtu huyu likizo ya kifo cha mama, na sasa anaomba likizo ya ugonjwa wa mama yuleyule. Mkaguzi akiuliza, ajibu nini? Iletwe karatasi kutoka kwenye serikali ya kwao kuthibitisha kwamba mama yu hai na anaumwa. Karatasi ikifika, yeye hana kipingamizi.

"Serikali ya kwenu ni nani huko Kwai?" Kantilal aliuliza walipotoka.

"Ya karibu kabisa ni balozi wa nyumba kumi."

"Vizuri! Si unamfahamu?"

"Ni kaka Abrahamu."

Aliandika siku hiyohiyo. Safari hii hakuweka salamu, jambo ambalo kwao ni kama kuingia nyumbani mwa mtu kwa teke. *Kaka, naomba unijibu kwa neno moja bila kunionea huruma: mama yuko hai? Kama yuko hai, andika karatasi, piga muhuri, nitakuja.* Alimwandikia na Yudith, kwa herufi kubwa, ili asipate taabu.

Kisha akangoja. Nywele ziliota. Masika ya huko yakaja, barabara zikawa mito, na ng'ombe wakahamia kwenye vibaraza. Watu waliendelea kumpa pole, maana hakuna aliyejua namna ya kuirudisha, wala yeye hakujua namna ya kuikataa. Mama mkwe wa Jasuben alimtengea kitamu kila Jumatano kwa ajili ya marehemu. Alikila. Kila asubuhi alikwenda langoni kwa mleta barua, na kila asubuhi mleta barua alitikisa kichwa akiwa bado mbali, ili kumpunguzia hatua.

Tarehe 10 Septemba barua ilifika. Ilikuwa ya Abrahamu, ya tarehe 2 Agosti, karatasi moja ya bluu. Jioni alimpelekea Kantilal ili wawe wawili wa kuisoma. Ilianza na salamu za uongozi. Mvua za vuli zinategemewa. Viazi vya Shume vimeshika bei. Yudith amefaulu mtihani wa hatua ya pili, ila kwa sasa hana nafasi ya kuandika kwa sababu wageni ni wengi. Na mwishoni: *Ile karatasi uliyoiomba, tumekaa tumeona kwa sasa si lazima tena. Usijali, fanya kazi uliyotumwa na taifa. Mama anakusalimu sana.*

Kantilal alipiga meza kwa furaha. "Anakusalimu! Mtu aliyekufa anasalimu? Amepona, ndiyo maana karatasi si lazima."

Tobia alirudi kwenye mstari wa wageni.

"Wageni wengi, si wamekuja kumpongeza? Tobia. Wewe unajua lugha ya kwenu. Amepona au vipi?"

"Sijui."

"Unajua. Aprili ulijua."

"Aprili nilijua, ndiyo."

Kantilal alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalifungua faili kwenye ukurasa wa wino mwekundu. Mkurugenzi alikuwa ameagiza jambo hili limalizwe kabla ya ukaguzi. "Sasa niandike nini? Lazima niandike kimoja."

Tobia alihesabu kwa vidole: Agosti mbili mpaka leo. Lolote lililokuwa limetokea, lilikuwa tayari na wiki tano, na watu wa Kwai walikuwa wamekwisha kulizoea. Akiuliza tena, jibu lingekuwa wiki kumi huko mbele, na muda wake wa kurudi ulikuwa bado mwaka mzima.

"Uache kwanza," alisema.

"Mpaka lini?"

Malori ya maziwa ya jioni yalikuwa yanaingia langoni, na maziwa katika joto lile hayangoji. Tobia alichukua koti lake jeupe kwenye msumari, akaiacha barua mezani kwa Kantilal, akaenda kuyapokea.