Ringi za Peugeot ya Baba

Jamani, leo nimetaka kulia kwa hasira, tena mbele ya shangazi yangu!

Mnajua ninavyohangaika kufunga injini ya Peugeot ya marehemu baba, ile iliyofunguliwa miaka ya themanini na haijawaka tena.

Kila kitu kipo, isipokuwa ringi za pistoni, vile viduara vya chuma vyenye mkato. Baba alituambia ziliibwa. Ukoo mzima tumemlaani huyo mwizi hadi leo.

Nimezisaka Shinyanga mjini, Kahama, hadi Mwadui. Wapi!

Sasa leo nimeenda Samuye kwa Sengi, dada yake baba. Anasonga ugali, bangili zinagongana mkononi. Nyembamba, zinang'aa kwa kusuguliwa majivu.

Nikazitazama vizuri. Kila moja ina mkato mdogo.

"Sengi! Si ndizo ringi ninazokuuliza kila siku?"

"Wewe uliuliza ringi," akanijibu, wala hajageuka. "Hizi ni bangili."

Bangili!!!

Gari liko juu ya mawe, kuku wanataga kwenye siti, na yeye anasongea ugali injini yangu!

"Nani alikupa?"

"Baba yako. Miaka ile naolewa, na madukani hakuna hata sabuni, sembuse bangili. Akasema dada yake haendi ukweni mikono mitupu. Akaingia uvunguni mwa gari."



Akaniletea mkono mpaka usoni. "Haya. Vua."

Hasira bado ninayo, msinitulize. Ila nyie mngeanzaje kuvua?