Siku Mtani Wangu Aliponiheshimu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni siku moja ya mwezi wa saba, siku ya baridi na ukungu, nilipotembea kwa miguu kutoka Mzumbe hadi kwetu Nyandira, juu kabisa Mgeta. Nimepita kwingi tangu hapo. Nimejenga Gaborone, nimejenga Windhoek, nikarudi Morogoro na akili yangu na mikono yangu. Ile nyumba ya ghorofa unayoiona Mafiga, yenye paa jekundu, niliichora mwenyewe na kuisimamia mwenyewe, na hakuna mjomba wala mheshimiwa yeyote aliyenishika mkono. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kutishwa na kivuli chake. Lakini siku ile niliogopa, na mpaka leo sijaogopa tena kiasi kile.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata diploma yangu ya ujenzi. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo, nami nilihakikisha hakuna anayesahau. Nilikuwa nimepanga chumba Mafiga. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika milimani, na habari za nyumbani zililetwa na magari ya mboga. Alfajiri hiyo dereva mmoja wa kwetu aligonga dirisha langu.

"Deo, mama anaumwa. Panda nyumbani leo."

"Anaumwa nini?"

"Wewe panda tu, kaka."

Nilipofungua mlango alikuwa ameshaingia kwenye gari lake. Alikuwa na kabichi za kuwahisha sokoni, nikajiambia ndiyo maana ana haraka.

Siku hiyo haikuwa ya gari la kupanda Mgeta. Nikapata lifti ya lori hadi Mzumbe, na kutoka hapo nikaanza kutembea. Njia ile inapita miji midogo ya kusini, midogo kweli, ambayo ukipiga chafya upande huu wanakuombea afya upande wa pili. Kipupwe kilikuwa kimekaza. Watu walikuwa wamejifunika vitenge na mablanketi hadi masikioni, wameinamia majiko ya mkaa mbele ya vibanda vyao. Mimi nilivaa koti nililolinunua kwa ajili ya mahafali na viatu vya ngozi. Hata kwenda kumwona mgonjwa nilitaka nionekane.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuugua. Alilima njegere na viazi kwenye mteremko ambao wewe na simu yako mkononi msingeweza kusimama. Alikuwa amebaki yeye tu, baba alishatangulia. Basi nilivyokuwa natembea nilikuwa nahesabu magonjwa: malaria, kifua, tumbo. Kila nililolitaja nililipatia dawa, nikaendelea kutembea.

Nikafika Mlali. Hapo kulikuwa na Mzee Kobelo, muuza viazi, ambaye ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kama umekulia mjini na hujui utani, nikwambie kwa kifupi: mtani ni mtu mwenye haki ya kukutukana mbele ya mkweo, na wewe huna haki ya kukasirika. Akifa mtu kwenu, ndiye mwenye kazi ya kaburi na ya kuwachekesha wafiwa. Mzee Kobelo hakuwahi kuniacha nipite salama hata siku moja. Alikuwa akiniona tu mbali anapaza sauti: "Mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kuvaa viatu?" Siku niliyompelekea habari za diploma aliwaambia watu wote wa gulioni kwamba chuo kimeanza kupokea mbuzi.

Nikamkuta ameketi juu ya kiroba. Nikamwanza mimi.

"Shikamoo, Mzee Kobelo! Bado hujafa? Jembe nimeshanoa."

Akainuka. Akavua kofia yake ya sufu.

"Marahaba, Deo. Umeamkaje, mwanangu? Pole na njia."

Mwanangu, mtu anaweza kutishwa na simba, na jambazi, na radi. Mimi nilitishwa na adabu. Nilisimama pale nikingoja tusi, nikaona halitoki. Nikacheka kidogo ili nimpe nafasi. Hakuitumia. Akamwita mkewe aangalie viazi, akachukua fimbo, akajitanda blanketi.

"Nami napanda," akasema. "Nina shamba langu huko Langali nataka kuliangalia."

"Tangu lini una shamba Langali?"

"Twende, Deo. Baridi hii haitaki mtu asimame."

Tukatembea. Mzee yule aliyekuwa akiongea kuliko redio alikuwa kimya. Nikijaribu kumchokoza ananijibu kwa upole, na kila jibu la upole lilinipa uchungu kuliko kofi. Katika kijiji cha chini ya mlima tulisimama kwenye kibanda cha mama wa maandazi. Aliponiona aliziba mdomo kwa kitenge. Kisha akajifanya anakohoa moshi.

"Kaa ule, baba," akaniambia. "Mlima ni mrefu."

"Nawahi, mama. Mama yangu anaumwa."

"Najua. Kaa ule."

Alinimiminia chai ya tangawizi, akasimama mbele yangu mpaka nilipomaliza andazi la mwisho, kama mtu anayesimamia mtoto anywe dawa. Alijua nini yule mama, unajiuliza. Nami nilijiuliza. Lakini kuna swali ambalo mtu haulizi kwa sababu bado anaweza kuishi bila jibu. Nilifuta mikono, nikashukuru, nikaanza kupanda.

Langali tuliingia baada ya adhuhuri, lakini jua hatukuliona. Vijana walikuwa wakipakia karoti kwenye viroba pembeni mwa barabara. Mmoja akanicheka: "Ee bosi wa diploma! Nauli imekata?" Mwenzake akampiga kiwiko cha mbavu hadi akainama. Wote wakarudi kwenye karoti zao. Wazee waliokuwa wameketi kwenye baraza la duka wakasimama tulipopita, mmoja mmoja. Mimi kijana, na wazee wanasimama! Siku nyingine ningefurahi wiki nzima. Siku ile niliangalia chini, nikaharakisha.

Nikamwambia Kobelo, "Shamba lako si ndiyo hapa Langali?"

"Liko mbele kidogo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna shamba.

Kutoka Langali njia inabana. Mkono wa kushoto ni mlima, mkono wa kulia ni korongo, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia Kobelo akipumua nisimwone vizuri. Mto ulikuwa unanguruma chini, mbali. Viatu vyangu vya mahafali vilikuwa vinateleza kwenye tope. Nikasimama.

"Sipandi tena mpaka uniambie. Mama yangu yuko hai?"

"Nimetumwa kutembea na wewe, Deo. Kusema sikutumwa."

"Nani kakutuma?"

"Twende, mwanangu."

"Usiniite mwanangu! Mimi mtumwa wako! Nitukane basi, Mzee Kobelo. Nitukane kama kila siku, nijue mambo ni salama."

Alijaribu. Namwona mpaka leo, na umande kwenye ndevu zake. Akafungua mdomo, akasema, "Wewe mtumwa wangu..." na sauti ikamkatikia hapo hapo. Akageuza uso.

Sikumbuki nilichofanya. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema nilikimbia, na sikukimbia kufuata njia, nilikimbia moja kwa moja mbele yangu, kulia, kwenye ule weupe. Ninachokumbuka ni koti kunikaba shingo na mguu wangu mmoja kukosa ardhi. Alikuwa amenidaka kwa nyuma, kola mkononi, amejitupa chini kwa uzito wake wote. Tulilala pale topeni, mzee na kijana, mawe yakiporomoka chini na sisi tukiyasikiliza. Aliniburuta hadi ukutani mwa mlima, akanifunika blanketi lake, akanishika kiganja. Hakukiachia tena mpaka Nyandira. Mtu mzima mwenye diploma, nikaongozwa kwa mkono kama kipofu, na sikuona aibu.

Nyumbani kulikuwa na watu uwanja mzima, na moto, na kimya. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuja kunipokea. Hakuniambia uwanjani. Aliniingiza ndani, akaniketisha kwenye kigoda, wanawake wawili wa ukoo wakakaa huku na huku wameniegemea, ndipo akasema, "Deo, dada yangu ametutoka. Mama yako alilala juzi, hakuamka." Nilianguka, lakini nilianguka mikononi mwa watu.

Kesho yake, kaburi lilipokuwa tayari, Mzee Kobelo aliruka ndani akajilaza chali. "Simwachii!" akapiga kelele. "Mtumwa wangu anaondoka bila kuniaga, na mwanawe nimembeba mlima mzima, mzito kama diploma yake!" Watu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka, nami nikacheka, na hapo ndipo nilipoanza kulia vizuri.

Lakini kabla ya hapo, usiache kusikia hili, nilimkasirikia mjomba. Nilimwambia mbele ya wazee: "Mlinidanganya. Miji yote ilijua, kutoka Mlali mpaka hapa, mimi tu sijui. Mimi si mtoto, nimesoma."

Mjomba hakupandisha sauti. Akasema: "Kweli umesoma. Lakini pale korongoni ulimshukuru Mungu kwa kusoma, au kwa mkono wa Kobelo?" Kisha akaongeza kwa upole: "Gari la mboga lilipeleka habari chini, na kila lilipopita liliacha neno: kijana akipita, mpeni chai, mpeni mtu. Habari yenyewe haikukimbii popote, Deo. Ungeipata Mlali ungekuwa yatima kutwa nzima barabarani, peke yako. Sisi tulikuachia mama yako mpaka mlangoni."

Sitaki kukudanganya kwamba siku ile ilikuwa nyepesi kwa sababu sikuambiwa. Hofu ilinila tangu Mlali. Wapo wanaosema bora mtu ajue mapema, na mimi mwenyewe ni mtu wa kupenda mambo wazi, kazi zangu zote ziko kwenye michoro. Nimelifikiria hili nikiwa Botswana, nimelifikiria nikiwa Namibia, na kila nilipolipima nimemkuta mjomba amesimama palepale.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Mafiga alikuwa kwenye basi akirudi kutoka Dodoma, chuoni. Baba yake alifariki asubuhi hiyo. Kabla maiti haijaoshwa, binamu yake, kijana msomi kama wewe, akaandika kwenye kundi la simu la ukoo, na picha akaweka, na vialama vya machozi. Binti akasoma amekaa dirishani kati ya watu asiowajua. Alipiga ukelele, kondakta akadhani kaibiwa simu. Hakuna aliyemshika mkono. Alisafiri nao msiba ule kwenye kiti mpaka stendi, na tulipompokea alikuwa hatambui mtu. Nilimuuliza yule kijana kwa nini. Akanijibu, "Babu, nilitaka watu wajue mapema." Alikuwa wa kwanza kusema, na hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata mtu yeyote siku ile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Habari ya kifo si mali yako hata kama imekufikia wewe wa kwanza. Kabla hujagusa simu, jiulize mwenye msiba yuko wapi, na nani yuko karibu naye. Kama yuko njiani, mwache afike. Kama yuko mbali, mtafute jirani yake, mwalimu wake, mwenzake wa kazini, mtu mwenye mikono, aende kwanza akakae naye. Ukitumwa wewe, nenda mwenyewe, hata kama mlima ni mrefu na shamba la kusingizia huna. Mpe chai. Tembea upande wa korongo. Na akikuuliza, usimwongopee kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mshike tu, twende.

Mungu akutunzie mama yako kama yupo, na kama hayupo ampumzishe kwenye mwanga. Na siku utakapotumwa kwa mwenzio, akupe mdomo mzito na miguu myepesi, na mkono usioachia.