Chonge la Kemilembe

Umande bado haujakauka kwenye migomba ya Kaisho, na Kemilembe Kahigi ameshaketi barazani juu ya mkeka. Anatoa uzi wa ukindu kwenye bakuli la maji, anaupeleka mdomoni, kisha anakumbuka. Anaurudisha majini.

Mbele yake kuna kikapu cha kahawa ya kutafuna kisichokuwa na ukingo. Ni kazi ya mwisho aliyoianza na mama yake, Eugenia, aliyefariki mwaka huu wa 1957, mibuni ikichanua.

Ukindu wa ukingo huchanwa kwa chonge la juu, lile jino lenye ncha, maana kisu huuacha na mikwaruzo. Kemilembe hakuwa na chonge. La kushoto lilivunjika utotoni, la kulia halikuota. Basi mama alichana, binti akasuka.

"Mama ndiye alikuwa meno yangu," anasema. "Alipokwenda, akaenda nayo."

Baada ya mazishi kaakaa lilimvimba, akaenda zahanati. Daktari wa meno aliyekuwa akipita kutoka Bukoba alilipapasa, akamwambia chonge lake la kulia limelala ndani ya mfupa miaka yote hiyo. Alimdunga sindano ya ganzi, akalitoa, akalipanda kwenye pengo na kulifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani.

"Kumbe jino nalo ni mgomba!" jirani yake, Adelgunda, alimtania. "Wang'oa huku, wapanda kule?"

"Na mgomba hautikiswi kabla haujashika," alijibu Rweyemamu, mhudumu wa zahanati. "Mama, usiume kitu kwa jino hilo mpaka nitoe waya."

Waya ukiwa bado mdomoni, jamaa walifika kutoka Bugomora kuhani msiba. Kwa desturi mwenyeji huuma kahawa kwanza, ndipo mgeni apokee. Adelgunda alinyoosha mkono achukue punje, aume badala yake. Kemilembe alikivuta kikapu.

"Msiba ni wa mama yangu," anasema. "Ningemwachiaje mtu mwingine?"

Aliuma punje kwa meno ya mbele, wageni wakimtazama. Damu ikamjaa mdomoni. Aliimeza, akawapa kahawa.

Rweyemamu alilifunga upya jino lililolegea. Hakumgombeza. "Likikataa safari hii," alimwambia, "hatuna jingine la kupanda."

Tangu hapo Kemilembe anakula ndizi za kupondwa, na vikapu vya kuuza havisukwi. Asubuhi hii Adelgunda amekuja na kisu.

"Dada, tuchane tumalize. Marehemu hatakasirika."

"Najua hatakasirika. Alinizoea hivi hivi, bila chonge."

Adelgunda anakilaza kisu mapajani.

Jumapili baada ya misa waya utatolewa. Jino likiwa limeshika, uzi wa kwanza litakaochana utazungushiwa kikapu cha Eugenia. Lisiposhika, kikapu kitawekwa mbele ya wageni hivyo hivyo, bila ukingo.

Kemilembe analigusa chonge kwa ncha ya ulimi, polepole.

"Mama alikufa akidhani sikuumbwa nalo," anasema. "Nataka nimchanie, walau mara moja."