Mbweko Sebuleni

Huko Røros, mji wa Norwe, ukimtaja Gunnvor Aasland, watu hukumbuka mbwa. Alifuga kundi zima la mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji, na kila mmoja alimjua kwa sauti. Mjane yule hakuwa mtu wa kutishika. Barafu ya ziwa iliwahi kupasuka chini ya miguu yake, akajitoa majini mwenyewe, akaenda nyumbani kunywa kahawa.

Jumapili moja mchana alikuwa jikoni akimpikia chakula mjukuu wake Tiril, wa miaka miwili, aliyelala sebuleni. Mtoto alikuwa na mafua tu. Mara akasikia mbwa akibweka ndani.

"Nani kakuingiza wewe? Toka!" akafoka, akaenda na mwiko mkononi.

Hakukuwa na mbwa. Tiril alikuwa ameketi, macho yamemtoka, akakohoa tena: mbweko ule ule, mkavu. Alipovuta pumzi, koo lilipiga mluzi na kishimo cha shingoni kikadidimia. Alitaka kulia, sauti haikutoka.

Mwiko ulimponyoka Gunnvor. Alisimama kama aliyepigwa radi, kisha akaikimbilia simu, akapiga namba ya dharura.

"Gari linakuja, mama," alisema mpokeaji. "Usimlaze. Mfunike blanketi, umpakate wima, utoke naye nje."

"Nje? Na baridi yote hii? Una wazimu?"

"Toka naye. Baridi husaidia kupunguza uvimbe wa koo. Na jitahidi asione unaogopa."

Akaketi naye kibarazani, anamwimbia kwa sauti isiyo yake. Mluzi ukalegea kidogo, ila haukuisha mpaka wauguzi walipofika na kumvutisha mvuke wa dawa.

"Ni virusi vya mafua hayo hayo," muuguzi alimwambia garini. "Koo la mtoto ni jembamba kama mrija. Likivimba kidogo tu, pumzi haina pa kupita."

Jioni Ingunn, mama yake Tiril, aliingia hospitali mbiombio kutoka kazini. Alimkuta mtoto anatafuna mkate na jibini la kahawia, anachekacheka. Gunnvor alikuwa pembeni, koti juu ya aproni, kikombe cha kahawa mkononi kikimmwagikia bila yeye kujua.

"Mama, mbona wewe ndiye unaonekana mgonjwa?"

"Mafua tu, Ingunn. Si nilikwambia asubuhi? Mafua tu, nenda zako kazini."

Ingunn akakichukua kikombe, akakishikilia mdomoni mwa mama yake. Gunnvor, asiyewahi kunyweshwa na mtu, akanywa.